Mipira ya tenisi ilivyoacha kunipaa Nairobi

Kama umehamia Nairobi kutoka Mombasa na kila pigo lako linatua nje ya mstari wa nyuma, soma hapa. Mapigo yaliyokuwa yakiingia vizuri pwani, huku yalipaa, na mpira ulidunda hadi mabegani.

Nilikaza nyuzi za raketi: mpira ukatulia kidogo, kiwiko kikaanza kuuma. Nikapunguza nguvu, mchezo ukapooza. Gripu mpya, ule mkanda wa mpini, nayo haikusaidia.

Dawa ilikuwa kwenye kopo la mipira. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiukabi mpira, na presha iliyo ndani yake inaufanya udunde zaidi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zina mipira ya pekee kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Usiangalie jina wala bei. Geuza kopo, usome yale maandishi madogo mpaka uone “High Altitude”, yaani mwinuko wa juu.

Nilipoipata, nikalegeza nyuzi hadi mkazo wa pauni 52, kama nilivyozoea, ndipo nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukashuka ndani ya mstari, ukadunda usawa wa kiuno. Kiwiko kimepona pia.