Sufuria kubwa iko wapi

Nimerudi kazini wiki hii, na kuna maneno ya Mama hayajanitoka masikioni. Nimeingia nayo zamu, nimelala nayo, nimeamka nayo. Ngoja niyaandike.

Mambo makubwa ya likizo yalikwenda vizuri, kwa wale mlioniuliza. Harusi ya binti wa Mjomba ilifana, Shangazi katoka hospitali na anatembea bila mkongojo, Kaka kapata ile kazi tuliyoiombea tangu mwaka jana, na mkataba wangu umeongezwa. Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini kilichonikaa rohoni kilitokea jikoni, baada ya wageni kuondoka.

Ilikuwa jioni, siku za mwanzo mwanzo. Vyombo vimejaa mpaka chini. Nikakunja mikono ya blauzi, nikavuta beseni. Mama akanishika juu kidogo ya kiwiko, akasema kwa upole kabisa:

"Acha, mwanangu. Hujui vyombo vinakaa wapi siku hizi."

Kitinda akadakia, "Anajua, Mama. Si palepale tu!"

"Haya. Sufuria kubwa iko wapi?"

Nikanyamaza. Kitinda naye akanyamaza. Mama akacheka kidogo, akanipa kitambaa nikafute meza.

Ni hayo tu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenisema vibaya. Nimeyarudia maneno yale nikitafuta ubaya wake na sikuuona. Mama alitaka nipumzike. Anajua kazi yangu ni kufua, anajua mikono yangu ilivyo, na nadhani moyoni aliona nimesafiri umbali wote ule ili nisishike tena maji. Lakini laiti angenifokea! Angesema, "Sogea huko, unamwaga maji hovyo," kama alivyokuwa akisema nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ningeosha vyombo vile huku nikiimba. Kilichoniuma ni ule upole. Mama hamsemeshi hivyo Kitinda. Kitinda huitwa kwa sauti kutoka chumba cha pili, hutumwa, hulaumiwa, huambiwa aache simu. Mimi nilishikwa mkono.

Na Kitinda pia. Alisema uongo kwa ajili yangu, na aliusema upesi sana, kama mtu aliyekuwa ameshauandaa. Yeye ndiye anayepanga vyombo vile kila siku. Anajua fika kwamba hakuna kilichobaki palepale. Usiku ule nilikaa macho nikijiuliza ni mara ngapi wamekaa wawili wakizungumza namna ya kufanya nisijisikie vibaya.

Mikono hii inafua mashuka ya wagonjwa nisiowajua hata majina. Najua shuka lenye damu linaanzia wapi na linaishia wapi, najua kila rafu na kila toroli la ile idara. Mtu akiniamsha saa nane za usiku akaniuliza foronya za wodi ya watoto ziko wapi, namjibu kabla sijafumbua macho. Nyumbani kwetu niliulizwa sufuria.

Halafu kuna hili, ambalo sikumwambia mtu yeyote. Vyombo vilihama kwa sababu ya kabati jipya, na hela ya kabati nilituma mimi. Nakumbuka siku niliyoituma, na makato yalivyonichoma. Benki ya Dunia hufuatilia gharama hizi: mwaka 2023 kutuma dola 200 kulikula wastani wa zaidi ya asilimia 6 duniani, wakati mataifa yameahidi kuzishusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Suala hili hunipandisha hasira kila mwezi, kwa sababu kinachokatwa ni zamu ya usiku ya mtu fulani. Ila siku ile hela ilifika, kabati likanunuliwa, nikatumiwa picha yake kwenye simu. Milango ilikuwa imefungwa. Niliitazama picha ile kwa fahari, nikawaonyesha wenzangu kazini, na haikunijia hata mara moja kujiuliza ndani kumepangwa nini.

Mtu ataniambia, si ungekaa tu ukajifunza, likizo ilikuwepo. Jamani, likizo! Wanaochunguza usingizi wanasema saa ya ndani ya mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, na kwamba kusafiri kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko kuelekea magharibi. Kwa hiyo aliyevuka kanda nyingi za saa huwa macho wakati nyumba nzima imelala, kisha husinzia mezani wakati watu wamekuja kumwona yeye. Upo Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaotaka likizo isipungue wiki tatu za kazi kwa mwaka, na ikigawanywa, kipande kimojawapo kisipungue wiki mbili mfululizo. Nilipousoma mara ya kwanza niliona wiki mbili ni nyingi. Sasa toa siku za mwili kuzoea, toa za kutembelea wagonjwa na waliofiwa, toa za kuaga, maana kuaga nako kunaanza mapema. Kinachobaki kinatosha kuwasalimu watu. Kujua tena mambo ya ndani ya nyumba hakitoshi.

Marafiki nao walikuja, wote mnaowajua, na nilifurahi mpaka sauti ikanikauka. Lakini kila hadithi ilikuwa inasimama katikati ili nielezwe. "Huyu humjui, alihamia ulipokwisha ondoka." "Hii ilikuwa baada ya yale mambo, ngoja tukwambie kwanza." Walifanya hivyo kwa mapenzi. Nilitamani tu wasimulie bila kusimama, na mimi nipitwe na nusu yake.

Usiku wa mwisho Mama alilala mapema, miguu inamsumbua. Kitinda alikuwa ameshasinzia kitini. Nikaingia jikoni peke yangu, nikaosha kila kilichokuwepo, nikafuta, nikafungua lile kabati na kupanga nilivyoona mimi. Sikumwamsha mtu wa kumuuliza. Asubuhi ilikuwa mbiombio za uwanja wa ndege, begi limezidi kilo, Kaka anapiga honi nje, na sikukumbuka tena habari ya vyombo.

Basi leo nimetoka zamu, hata viatu sijavua, simu ikaita. Mama. Nikashika moyo, maana saa ile si saa yetu.

"Chujio umelitia wapi?"

Hakuna salamu. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Chujio lipi, Mama?"

"Lipi tena! Tumepindua nyumba nzima tangu jana. Wewe tangu utotoni una tabia ya kuweka vitu vya watu mahali pasipojulikana."

"Liko juu ya kabati, nyuma ya ile ndoo nyeupe."

"Nani anaweka chujio huko?"

"Mimi, Mama."

Nikasikia kiti kinaburutwa, Kitinda anacheka kwa mbali, kisha Mama akasema, "Hili hapa," na simu ikakatika. Mnajua simu zetu za kuagana zilivyo ndefu: dua, salamu za kila mtu, "ujitunze", "ule vizuri", mara tatu tatu. Leo hakuniaga. Alikata kama anavyomkatiza Kitinda akiwa chumba cha pili.

Nilikaa kitandani na koti langu la kazi nikicheka peke yangu, machozi yananitoka. Nimefokewa! Chujio langu limewahangaisha siku nzima, wamelitaja jina langu wakipindua ndoo na kufungua milango. Nimempigia Kitinda baadaye anisimulie yote, Mama alianza kutafuta wapi, alisema nini, alikasirika namna gani. Kanisimulia mara mbili, na mara ya pili kaniongezea vitu ambavyo najua havikutokea. Nimevipokea vyote.

Ningelala vizuri leo kama si habari ya vidole.

Uwanja wa ndege, wakati wa kuingia huku, mashine ilikataa alama zangu. Dole gumba la kulia halikusomeka kabisa, la kushoto likasomeka kwa tabu. Afisa akafuta kioo, akaniambia nifute mkono, nibonyeze tena, nibonyeze taratibu, mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Wenzangu wa idara ya kufulia wanasema limewapata pia. Dawa za kufulia, maji ya moto na kusugua kila siku hulainisha ngozi ya ncha za vidole mpaka ile mistari inafifia. Hurudi, ngozi ikipumzishwa wiki kadhaa. Glavu nazivaa, lakini maji huingilia mkononi kwa juu, na zamu ikikolea huna nafasi ya kubadilisha.

Miadi ya kuhuisha kibali iko mwezi ujao, na watataka vidole vyote kumi. Mkataba umeongezwa kwa masharti kwamba kibali kiwepo. Nimeanza kupaka mafuta usiku na kulala na soksi mikononi. Nimemwomba msimamizi anihamishie upande wa kukunja mpaka miadi ipite, nisishike dawa. Alisema atatazama ratiba. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na ratiba mpya imebandikwa leo, jina langu liko kwenye mashine zilezile.