Nilivyoingia katika ubanguaji wa korosho kwa kuanzia mwisho wa kazi

Nilihamia Mtwara kutoka Singida kumfuata mume wangu, na kazi niliyoipata ilikuwa katika kikundi cha akina mama wanaobangua korosho kwa mkono. Hakuna aliyeniketisha akanieleza kazi. Nilipelekwa moja kwa moja kwenye meza ya kuchambua, ambako shughuli nyingine zote huwa zimekwisha: korosho ghafi zimepikwa kwa mvuke na kupozwa, ganda gumu limepasuliwa kwa mashine ya mkono, kiini kimekaushwa na ngozi yake nyembamba imemenywa.

Mpangilio huo una hekima yake. Mchambuaji hutenganisha viini vizima na vilivyovunjika, vyeupe na vilivyoungua, vikubwa na vidogo. Daraja la W320, kwa mfano, ni la viini vizima vyeupe 300 hadi 320 kwa ratili moja. Hivyo, kabla sijagusa mashine, nilikuwa nimekwisha kuyajua kwa macho madhara yote ya hatua zilizotangulia: alama ya kisu kilichozama mno, doa la mafuta ya ganda, na kiini kilichokaushwa kupita kiasi hata kikavunjika wakati wa kumenywa. Baadaye nilisoma kwamba Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia katika miaka ya 1970, alikuta wanagenzi wakianza na vifungo na pindo, na kukata kitambaa kukiachwa mwisho. Sikushangaa hata kidogo.

Ugumu ulikuwa kwenye malipo. Tulilipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika ambayo mwenzangu aliitumia kunielekeza ilimpunguzia kipato, na sikuona haki kumlaumu aliyenyamaza. Nilichofanya ni kumbebea jirani yangu beseni hadi kwenye mizani na kumletea korosho nyingine, ili muda alioupoteza kwangu aupate upande mwingine. Kwa njia hiyo nilihamia kwenye kumenya, kisha kwenye mashine, ambako bibi mmoja alinionyesha namna ya kuipaka mikono mafuta na majivu ili isibabuke, akaniambia, “Mwanangu, usiikandamize korosho, ilaze vizuri kwanza.” Maneno yale yalinitosha, kwa sababu matokeo ya kukandamiza nilikuwa nikiyachambua kila siku.

Kuhusu kukubaliwa, wengi hutaja chakula, na kweli tulikula ming'oko, yaani mizizi ya porini, pamoja tangu mwanzo. Lakini chakula hupewa mgeni yeyote. Kwa maoni yangu, niliingia kikundini pale nilipoalikwa kwenye upatu, maana mtu anayedhaniwa atarudi kwao kesho hawezi kukabidhiwa fedha za wenzake. Tangu hapo nilianza pia kukaripiwa waziwazi, na hata kuulizwa maoni kuhusu magunia yaliyoletwa.

Kupika kwa mvuke bado sijakabidhiwa. Muda ukizidi, kiini hubadilika rangi, na ukipungua, ganda hukataa kupasuka. Hasara yake huwa ya kikundi kizima, kwa hiyo jikoni yupo mama mmoja tu. Ninamsaidia kuchochea moto na kupakua, na msimu huu ameanza kuniuliza, kabla ya kufungua, kama ninaona zimeiva.