Sungura, mbwa na mpwa wangu

Leo nimemtoa mpwa wangu kwenda kuwinda sungura, mara yake ya kwanza. Sidhani kama alilala.

Umande ulikuwa mzito, na mbwa hapo ndipo wanapofaidi, maana harufu inakaa chini. Jua likikolea na ardhi ikakauka, hata mbwa hodari anabaki kuzungukazunguka tu. Simba, yule mbwa mzee, ndiye aliyeinasa kwanza: pua chini, mkia unacheza kasi, kisha akabweka. Wadogo wakamfuata kwa makelele, nadhani hata hawakujua wanafukuza nini.

Dogo naye akataka kuchomoka. Nikamshika bega: "Tulia hapa. Sungura hapendi kuhama kwao, atazunguka arudi." Hakuniamini, usoni ilionekana. Kelele zikafifia ng'ambo ya vichaka, halafu zikaanza kugeuka kuja upande wetu. Mara huyo hapo! Kawaacha mbwa mbali kabisa, anatembea taratibu, akasimama kusikiliza, masikio wima, pua inatetemeka. Dogo kashika rungu, mdomo wazi. Wala hakurusha. Sungura akatuona, akayeyuka.

Baadaye tulipata mmoja, kazi ya Simba hiyo. Ila dogo kilichomkuna ni nyayo kwenye tope: "Mjomba, mbona miguu ya nyuma imepita ya mbele?" Nikamwambia ndivyo anavyoruka, ya mbele inatua kwanza, ya nyuma inaipita. Akajaribu kuruka hivyohivyo njia nzima. Suruali imejaa miiba, dada atanisema.