Kazi Yenye Jina

Sikuwahi kucheza mpira kwa kiwango cha kumfundisha mtu, na kwa misimu miwili hicho ndicho kilichokuwa kisingizio changu kila mara kocha wa timu ya watoto wa chini ya miaka 11, anakochezea binti yangu, alipotuambia wazazi kwamba anahitaji watu wa kujitolea. Tangazo lilikuwa lilelile: anayeweza kusaidia ajitokeze. Sote tuliosimama kando ya uwanja tulitikisa vichwa kwa kukubali, kisha tukamngoja huyo anayeweza.

Msimu wa tatu hakutangaza. Alinijia mimi, akanikabidhi mfuko wa mipira 12 pamoja na pampu, akaniomba mipira yote iwe imejaa upepo nusu saa kabla ya kila mchezo hadi msimu uishe. Sikuwa na pa kutokea. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kilichotukwamisha miaka yote hiyo hakikuwa uchoyo wa wazazi, bali namna ya kuomba: mtu haogopi kazi yenye jina, yenye saa yake na yenye mwisho wake, huogopa kuitikia wito asioujua utamfikisha wapi.

Hata kujaza upepo kuna ufundi wake. Sindano ya pampu hulowanishwa kwanza, kwa maji au hata kwa mate, kwa sababu ikiingia kavu huweza kuchana vali, na mpira uliochanika hapo huvuja polepole bila mtu kuona tundu. Niliharibu miwili kabla ya babu wa golikipa wetu, aliyekuwa akinitazama kwa huruma, kuichukua pampu mikononi mwangu na kunionyesha. Ni yeye pia aliyegundua kwamba mipira mitano katika mfuko ule ilikuwa namba 5, yaani ile ya watu wazima yenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, ilhali watoto wa umri huu kwa kawaida huchezea namba 4. Tulikuwa tukiwalaumu kwa pasi fupi kumbe tumewapa mzigo.

Mwenye pampu hufika mapema, na anayefika mapema huyaona mengine. Niliyaona magoli yetu ya kuhamishika yakiwa yamesimama tu juu ya nyasi, huku watoto wawili wakining'inia kwenye mwamba. Sheria ya kwanza ya mchezo inataka magoli yafungwe imara ardhini, wala si kwa ajili ya mapambo, kwani goli linalopinduka linaweza kumuua mtoto, na limekwisha kuua. Tangu siku hiyo wazazi wawili, walioombwa kwa majina, hubeba mifuko ya mchanga na kuilaza juu ya vyuma vya nyuma kabla mtoto yeyote hajaingia uwanjani.

Nisijipambe, hata hivyo. Katika mchezo mmoja wapinzani walirusha mpira, mshambuliaji wao akaupokea akiwa peke yake nyuma ya mabeki wetu, akafunga. Nilipiga kelele kwa sauti yangu yote kwamba ameotea na kwamba mwamuzi ni kipofu. Mwamuzi mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama 16, naye pia anajitolea. Wakati wa mapumziko alinifuata, filimbi ikiwa bado mkononi, akaniambia kwa upole, "Samahani mzee, mpira wa kurusha hauna kuotea." Alikuwa sahihi kabisa. Binti yangu alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akinywa maji na kutazama chini. Waamuzi vijana huacha kazi hii kwa sababu ya watu kama mimi wa siku ile, kisha sisi haohao hulalamika kwamba mchezo wa watoto hauna mwamuzi. Wiki iliyofuata niliomba kufundishwa kushika kibendera.

Kabla ya kupewa kibendera hicho nilitakiwa kuleta uthibitisho kwamba sina rekodi ya uhalifu, na nikaambiwa kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata kama ni kumfunga bandeji. Mwanzoni niliona ninadhaniwa vibaya. Sasa mimi ndiye ninayewaeleza wageni utaratibu huo, na anayeukasirikia namwachia muda wa kufikiri.

Msimu huu kuna baba mmoja ambaye hufika kila Jumamosi, husimama kwenye kona ileile na mikono mifukoni, na tayari ameniambia mara mbili kwamba hajui mpira. Juzi nilimpelekea pampu na ule mfuko wa mipira, nikamwambia ni hadi mwisho wa msimu tu, na kwamba sindano ailowanishe kwanza.