Kinacholinda bustani ya mtaa huku Marekani

Ndugu zangu wa Arusha, mkiziona bustani za huku mnasema ni pesa. Pesa ipo, lakini kinachozilinda ni ramani moja yenye saini na tarehe.

Mwaka 1964 Marekani ilitunga sheria ya mfuko wa hifadhi ya ardhi na maji, unaochangia bustani hizi, ambao fedha zake zinatoka hasa kwenye mafuta na gesi ya baharini. Tangu 2020 umehakikishiwa dola milioni 900 kwa mwaka. Jimbo linalotaka mgawo wake lazima liwe na mpango wa burudani za nje, unaohuishwa angalau kila miaka mitano. Mji unaomba kupitia jimbo, na mfuko unachangia hadi nusu ya gharama. Kwa kawaida mji hutangulia kutumia, ndipo urudishiwe. Miji midogo isiyo na akiba hukwama hapo. Ardhi iliyotolewa bure huweza kuhesabiwa kama mchango wa mji.

Ukali wenyewe uko kwenye kifungu cha 6(f) cha sheria hiyo. Eneo likishaguswa na fedha hizo, hata kama zilijenga vyoo tu, linabaki la burudani ya nje daima. Ukitaka kuweka hapo kituo cha zimamoto au mnara wa simu, unahitaji idhini ya idara ya hifadhi za taifa ya serikali kuu, na utoe kiwanja kingine chenye thamani ya soko isiyopungua na manufaa yanayolingana. Bomba la chini ya ardhi halina shida, mradi juu parudishwe palivyokuwa.

Mpaka wa eneo hilo huchorwa kwenye ile ramani yenye saini, na makosa mengi huanzia hapo. Mstari ukizungushwa kwenye eneo lote, nanyi mliombea kona moja, mmefunga lote. Au watumishi wanabadilika, faili linasahaulika, kipande kinauzwa, mkaguzi anakuja kugundua. Kununua ardhi ya fidia kwa bei ya leo si mchezo.

Huko nyumbani, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo mito ya Themi na Naura imo. Kwa eneo la wazi la mtaa, mwombeni afisa mipango miji awaonyeshe mchoro ulioidhinishwa, mnakili namba yake na vipimo. Kisha zungukeni na mwenyekiti wa mtaa mkitafuta bikoni, yaani alama za mipaka, moja moja. Zilizopo bado zipigeni picha, namba isomeke, kabla lori la kwanza la tofali halijamwaga.