Uzoefu wangu: CD mia tatu, watu wanne na ugomvi wa majina

Nianze na safari ya Lindi, maana bila ile hasira nisingeanza kazi hii ya kupanga upya orodha ya CD zetu za gemu.

Ilikuwa msimu wa korosho, minada imeanza, vijana wana hela mfukoni. Kibanda changu cha gemu kipo Chikongola, hapa Mtwara mjini: televisheni nne na mashine za PlayStation, yaani PS2 mbili, PS3 moja na PS4 moja ambayo deni lake sijalimaliza mpaka leo. Siku hiyo nilifunga asubuhi, wateja wapo nje wananishangaa, nikapanda basi kufuata CD moja tu. Winning Eleven 9, gemu ya mpira. Kwenye orodha yetu ilionekana iko Lindi peke yake, na vijana wa mtaani kwangu walikuwa wanaililia. Kilomita mia na ushee kwenda, mia na ushee kurudi, nauli na chakula sijui elfu ishirini, sijui zaidi, nilishaacha kuhesabu.

Jioni naipachika kwenye mashine, najisikia mfalme. Mechi ikaanza. Dogo mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akaangalia kidogo, akasema, "Kaka, si ndiyo hii hii ya kila siku?"

Ilikuwa hii hii. Konami, kampuni inayoitengeneza, mpira wao waliupa majina mawili: Japani na Marekani ukaitwa Winning Eleven, Ulaya ukaitwa Pro Evolution Soccer. Winning Eleven 9 na PES 5 ni mapacha. Na PES 5 nilikuwa nayo kwenye kabati, tena nzima, haina hata mkwaruzo.

Sasa niwaeleze hiyo orodha. Tuko wanne tunaoazimana CD. Mimi; mjomba mmoja wa Mikindani aliyeanza kukusanya tangu enzi za PS1, hachezeshi mtu kwa hela, anazipenda tu; dada mmoja wa Lindi mwenye kibanda kama changu; na dogo wa Masasi, mtaalamu wa kupata CD zisizojulikana zimetoka wapi. CD ikinichosha huku naituma Masasi, kule wanaiona mpya. Kwa pamoja tuna kama mia tatu na kitu. Tuliziandika kwenye jedwali moja la Google Sheets, kila mtu anajaza kwa simu yake, na kila mtu alijaza anavyojua.

GTA San Andreas, gemu ya kijana anayeitwa CJ, ilikuwa kwenye orodha mara tano: "GTA", "San Andrias", "SANANDREAS orijino", "CJ", na ya mjomba, nainukuu kama ilivyo, "Yule kijana wa baiskeli". Tano hizo zilikuwa CD mbili. Dada wa Lindi naye alishaumia: aliniomba Need for Speed Most Wanted, gemu ya magari, nikamtumia kwa basi, akafungua bahasha akakuta ya PS2. Yeye alitaka ya PS3. Kumbe zipo Most Wanted mbili, ya 2005 na ya 2012, jina moja, na safu ya mashine tuliiacha wazi kwa uvivu. Hakuninunia, lakini kwa wiki nzima meseji zake zilikuwa "sawa" na "haya".

Ushauri niliopewa! Jamaa mmoja yuko Dar, anajua kila kitu, akaniambia, "Andika tu wateja wanavyoita, ndiyo lugha ya biashara." Nikamsikiliza. Mteja wa Mtwara anaita nini? Mpira. Ukitafuta "mpira" kwenye jedwali letu zilikuja CD kumi na nne. Mwingine akasema nipakue programu ya kusoma barkodi kwa simu, napiga picha na jina linajiandika lenyewe. Barkodi iko kwenye kasha, ndugu yangu. Robo tatu ya CD zetu hazina kasha, zinakaa kwenye bahasha za karatasi, na nyingine nimezikuta kwenye ganda la CD ya taarabu. Halafu hata zile zenye kasha lake, toleo la kwanza na toleo la bei nafuu kila moja lina barkodi yake, wakati gemu ni moja.

Hapo ndipo na mimi nikajifanya Bunge. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kitu nilichokiita Waraka Namba 1: "Kuanzia leo jina ni lile lililo kwenye kava, neno kwa neno." Nilijiona nimemaliza kazi. Waraka uliishi siku tatu. Kwanza, kava lipi? Lililochapwa kariakoo na jamaa mwenye printa? Pili, dogo wa Masasi aliandika "God of War Greatest Hits" na kutangaza kwamba amepata God of War ambayo sisi hatuna. Tukamshangilia. Dada wa Lindi akaiomba kabla hata CD haijapoa mkononi. Ilikuwa God of War ileile ya 2005. "Greatest Hits" Marekani ni alama ya toleo lililoshushwa bei baada ya gemu kuuza sana, Ulaya wanaiita "Platinum". Dogo alibadilisha picha yake ya WhatsApp, nadhani kwa aibu.

Tukapiga kura kama tuite Winning au PES. Kura zikawa mbili kwa mbili. Mjomba alituma sauti ya dakika saba akitetea Winning, ndani yake mna historia ya maisha yake. Bando langu liliishia hapo.

Sasa nije kwenye ujanja wenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana najivunia.

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, hakuna mteja, laptopu ina chaji kidogo. Mezani kulikuwa na CD ya kuchoma, nyeupe, imeandikwa kwa maka peni neno moja: MPIRA. Nikaona bora niipachike kwenye laptopu nione humo ndani mna nini, nina deki ya CD na DVD ya kuchomeka kwa USB, ya zamani, inaguna kama mashine ya kusaga. Ikafunguka. Mafaili mengi yenye majina ya ajabu, na katikati faili moja dogo: SYSTEM.CNF. Nikalifungua kwa Notepad kama ninavyofungua barua. Mistari mitatu minne tu. Wa kwanza ulianza na BOOT2, kisha alama ya sawasawa, kisha cdrom0, na mwisho herufi nne na tarakimu tano zilizokatwa na nukta.

Zile herufi nilishaziona mahali. Nikawasha tochi ya simu, nikatoa San Andreas orijino ya mjomba iliyokuwa kwangu. Usoni pa CD, kwa maandishi madogo: SLUS-20946. Nikaiingiza kwenye laptopu, nikafungua SYSTEM.CNF yake. SLUS_209.46. Ileile! Yaani PS2 ikiwashwa, inasoma hilo faili ili ijue ianzie wapi, na faili inayoelekezwa kuanza nayo ndiyo imebeba namba ya CD. Mchoma CD anaweza kuandika MPIRA juu, anaweza asiandike chochote, hiyo namba ya ndani kwa kawaida haigusi. Za PS1 ni hivyo hivyo, ila pale pameandikwa BOOT bila 2.

Nilikaa gizani nikicheka peke yangu. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamwambia CD zina namba za gari. Akarudi kulala.

Na herufi za mbele zinasema kwao ni wapi. SLUS na SCUS ni Marekani, SLES na SCES ni Ulaya, SLPS na SLPM ni Japani. Zenye C kwenye herufi ya pili zimetolewa na Sony wenyewe. Hilo lilinisaidia kwa jambo jingine kabisa: PS2 isiyowekewa chipu ya kuifungua inakubali CD za eneo lake tu, kwa hiyo sasa kabla sijatuma CD kwa dada wa Lindi, ambaye mashine yake moja haina chipu, naangalia herufi kwanza. PS3 haina shida hiyo kwa gemu karibu zote, lakini deki ya kawaida ya kompyuta haisomi CD zake, namba unaisoma kwenye ubavu wa kasha au usoni pa CD, inaanza na BLES au BLUS na nduguze. Za PS4 ni CUSA.

Kesho yake nikaanza na zile kumi na nne za mpira, na hapo ndipo utamu ulipozidi. Dogo wa Masasi alikuwa na "FIFA 2022" ya PS2 na "PES 2024" ya PS2, alizinunua bei ya kuumia kidogo, kila moja na kava linang'aa. Nilikuwa na wasiwasi nazo zamani, kwa sababu FIFA ya mwisho kutoka kwa PS2 ni FIFA 14, na PES ya mwisho ni PES 2014, zote za 2013. Nikamwelekeza kwa simu afungue SYSTEM.CNF. Akanisomea namba ya kwanza, nikaandika. Akanisomea ya pili. Kimya.

"Njomba," akasema, "mbona zinafanana?"

Ilikuwa Winning moja ya zamani, watu wamebadilisha vikosi, jezi na picha ya mwanzo. Wabrazili ni mabingwa wa kazi hiyo, Bomba Patch yao inajulikana dunia nzima, na si mbaya, watoto wanaipenda kuliko orijino maana wanamkuta mchezaji wa leo. Lakini kwenye orodha si gemu mpya. Kati ya CD kumi na nne za mpira tulibaki na gemu sita. Dogo alitaka kumrudishia aliyemuuzia. Nikamwambia atamrudishia vipi wakati zinacheza?

Basi jedwali likapangwa upya hivi. Safu ya kwanza ni namba ya CD, na nimeweka fomula ya kuhesabu, COUNTIF, kwenye kanuni ya rangi: namba ikijirudia mstari unageuka mwekundu. Kujirudia siyo kosa, inawezekana tuna mbili kweli, ila lazima mtu aseme. Safu ya jina ni jina la toleo hilo lenye namba hiyo, kwa hiyo Winning ni Winning na PES ni PES, hakuna kura tena. Pembeni yake kuna "majina mengine", na hapo ndipo mapacha wanakutana: kwenye PES 5 imeandikwa Winning Eleven 9, na kinyume chake. Mimi nilidhani nimegundua kitu, kumbe MobyGames, orodha kubwa ya gemu iliyoanza 1999 na inayojazwa na watu wa kawaida, wanaweka majina mengine hivyo hivyo miaka yote. Sikuwaambia wenzangu. Halafu kuna "jina la mtaani", na mle mjomba yuko huru kabisa, kijana wa baiskeli anaishi kule kwa amani.

Mwaka tuligombana kidogo. FIFA 14 ilitoka 2013, PES 2013 ilitoka 2012, hawa watu wa mpira wanatangulia mwaka. Tukakubaliana ni mwaka wa kutoka, siyo wa kwenye jina. Bila safu hiyo FIFA 98 inakaa chini ya FIFA 23, maana kompyuta inapanga kwa tarakimu ya kwanza, haijui uzee. Mwaka ndio unaotenganisha God of War ya 2005 na ile ya 2018 pia, na Mortal Kombat 1 ambayo si ya kwanza, ya kwanza ni ya 1992, hiyo "1" ni ya 2023. Aliyeipa jina hilo hajawahi kupanga kabati.

"The" tumeipeleka mwisho: Warriors, The. Dada wa Lindi ndiye aliyeng'ang'ania, na alikuwa sahihi, kabla ya hapo herufi T ilikuwa imefura kama mguu wenye jipu.

Mashine ni ya kuchagua kwenye orodha, huruhusiwi kuchapa. Hiyo fanyeni siku ya kwanza, msisubiri kununiwa kama mimi. Na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kubadili safu ya jina. Ni mimi.

Kazi yote ilituchukua kama miezi miwili, jioni jioni, kwa gharama ya bando na deki moja ya USB iliyokufa ikiwa kazini Masasi. Mpya ilikuwa elfu thelathini na kitu. Zimebaki CD saba hazisomeki kabisa, tumeziandika hazina namba na rangi ya kijivu. Moja mjomba anaapa ni Tekken 3.

Juzi tu amepata CD nyingine kutoka kwa baharia. Saa nne usiku simu ikanionyesha jedwali limebadilika. Safu ya namba: tupu. Safu ya jina, ambayo nilidhani nimeifunga: MPIRA. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona. Namba yake?"

"Namba ya nini wakati mpira wenyewe unauona?" Nikamsikia anahangaika na kitu, kisha akasema nisubiri avae miwani.