Batiki katika baridi ya Arusha

Mwezi wa saba Arusha si mji wa kwenda na shati la mikono mifupi. Nilitoka Tanga kwa basi la alfajiri, na ya njiani sina haja ya kuyaeleza, isipokuwa wali kuku pale tuliposhushwa kula: shilingi 10,000 kwa paja lililokauka, na kondakta anapiga honi kabla hujanawa. Gesti ilikuwa shilingi 35,000 kwa usiku, maji ya moto ni ya kuagiza, ndoo shilingi 2,000. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na ukungu ulikuwa unakaa mpaka saa nne asubuhi. Nimeanza na baridi kwa sababu ndiyo iliyonionyesha upande wa batiki, vitambaa vinavyochorwa kwa nta ya moto kabla ya kutiwa rangi, ambao kwetu pwani hauonekani.

Katika soko moja la vinyago, kijana alinikunjulia kitambaa cha twiga na mbuyu, akaapa kwamba ni batiki ya mkono, shilingi 80,000. Nikakigeuza. Nyuma kilikuwa kimefifia, karibu cheupe. Batiki huzamishwa nzima kwenye rangi, kwa hiyo mbele na nyuma havipishani sana. Kinachopauka nyuma kimechapwa kiwandani upande mmoja. Nikatazama na mipasuko, ile mishipa myembamba ya rangi inayoingia nta inapokatika. Kwenye kazi ya mkono hutapata mipasuko miwili iliyo sawa. Hapa mpasuko uleule, wenye kona ileile, ulijirudia kila baada ya sentimita 60 hivi. Anayeuza kitu hicho kwa jina la batiki anamwibia mnunuzi, na fundi anamwibia mara mbili, kwa kumchukulia mteja na kwa kumshushia bei.

Mama mmoja aliyeketi pembeni na furushi lake aliniona nikigeuza. "Wewe kitambaa unakijua, mwanangu," akasema. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na mchana ule tulipanda kifodi, daladala ndogo ya huko, hadi Moshono, kwenye banda lake la mabati nyuma ya nyumba. Siku zangu zilizobaki ziliishia pale. Ziwa Duluti sikuliona, na sijutii.

Anafanya kazi peke yake, akisaidiwa na binti yake wakati wa kukamua tu. Kitambaa chake ni pamba tupu, vipande vya mita 5. Kabla ya lolote anachoma uzi mmoja kwa kiberiti: ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba, ukijikunja na kuacha kidonge kigumu, una poliesta ndani na rangi yake haitaushika. Kisha anakiloweka usiku kucha na kukifua kwa sabuni, kwa sababu kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na penye wanga rangi huteleza ikaacha mabaka.

Nta ndiyo iliyonikalisha. Sisi tunaotengeneza batiki Tanga, wengi tunayeyusha nta ya kutengenezea mishumaa, basi. Inatosha, kwa sababu joto letu linaifanya ibaki laini. Moshono mwezi wa saba nta hiyo peke yake inakuwa kama kioo. Ukiinua kitambaa tu, inapasuka kila mahali na kupukutika, na rangi inaingia palipotakiwa kubaki peupe. Kwa hiyo mama huchanganya na nta ya nyuki, ambayo hunyumbulika na kung'ang'ania uzi: wakati wa baridi kilo 1 ya nyuki kwa kilo 2 za nta ya mishumaa, na jua la Desemba likirudi anapunguza nta ya nyuki hadi robo kilo. Nta ya nyuki ni ghali, ndiyo maana batiki ya Julai inamgharimu zaidi, ingawa mnunuzi anataka bei ya Desemba.

Baridi inamfuata hadi mezani. Meza tupu hunyonya joto, nta ikaganda juu ya kitambaa kabla haijapenya. Yeye hutandika blanketi kuukuu, juu yake nailoni, ndipo kitambaa. Anachovya mhuri wa sponji ya godoro, aliouchonga kwa wembe na kuugundisha kwenye kibao, anaukung'uta kidogo ukingoni mwa sufuria, anagonga, kisha anafunua nyuma kutazama. Alama ikiwa angavu, kitambaa kimelowa nta. Ikiwa nyeupe kama maziwa, nta imekaa juu tu na rangi itapita chini yake. Hapo anageuza na kugonga tena kwa nyuma. Nta ikianza kufuka moshi anaondoa sufuria jikoni mara moja. Mfuniko uko karibu siku zote, kwa sababu nta ikishika moto haizimwi kwa maji: maji huilipua na kuitawanya. Anafunika, basi.

Rangi anazotumia ni zile za kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, na haidrosi. Kwa mita 5, vijiko 2 vya chakula vya rangi, 2 vya kostiki, 4 vya haidrosi, ule unga mweupe wenye harufu kali ya kiberiti. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, na glovu hazivuliwi. Haidrosi ikiachwa wazi huvuta unyevu na kufa. Rangi iliyokataa kubadilika ndani ya beseni mara nyingi haina ubaya wowote, ni haidrosi iliyolala bila mfuniko. Anayeyusha vyote katika lita 1 ya maji ya moto, anasubiri dakika 10, kisha anamimina kwenye lita 10 za maji ya vuguvugu. Maji baridi ya bomba la Arusha huifanya rangi ishike kwa uvivu. Ya moto nayo yangeyeyusha nta. Anayapima kwa kiwiko kabla ya kumimina rangi.

Kijani alichotia siku ile kilikuwa cha bluu ndani ya beseni. Anageuza kitambaa chini ya maji dakika 15 bila kuacha pembe ichomoze, maana panapoguswa na hewa mapema panakuwa na doa. Akikitoa na kukitandaza, hewa inafanya kazi yake: bluu inageuka kijani mbele ya macho, kuanzia pindoni. Huanza na rangi nyepesi, hukausha, hutia nta ya pili, ndipo nyeusi au kahawia. Kukausha kwenyewe ndiko kunakomla siku. Kwetu saa moja kivulini inatosha, tena tunakimbiza kitambaa jua lisiyeyushe nta. Kwake, ukungu ukitanda, ni siku mbili chini ya banda.

Lakini baridi hiyo ameigeuza mtaji. Michoro yake mingi ni majani ya mgomba. Kitambaa chenye nta hukilaza nje usiku, alfajiri hukikunja kwa vidole pale tu anapotaka mishipa ya jani ipite, kisha ndiyo rangi ya mwisho. Mipasuko inatoka myembamba na mikali kuliko yoyote niliyoiona pwani.

Kuondoa nta hufanywa mara mbili, na hapa wanafunzi wengi hupoteza fedha. Mchemsho wa kwanza ni maji matupu, baada ya kusuuza kostiki yote: nta inaelea, ikipoa inaganda, unaichota na kuitumia tena. Ukitia sabuni mapema nta inavurugika ndani ya maji na haikusanyiki. Sabuni ni ya mchemsho wa pili, nao ndio unaoikomaza rangi.

Kipande cha mita 5 anauza shilingi 65,000. Kitambaa, nta, rangi na mkaa vinachukua zaidi ya nusu, na mkaa wa Arusha ni ghali kuliko wetu. Duka moja la watalii humchukulia kwa mali kauli, hulipa baada ya miezi, na huning'iniza kazi yake bila jina. Nilinunua viwili kwa bei yake bila kuomba apunguze.

Basi la kurudi lilikuwa limepandisha nauli, na kiti kilikuwa juu ya tairi. Njia nzima niliwaza kuhusu Tanga. Barafu ya samaki pale soko la Deep Sea hupatikana alfajiri, na beseni moja lenye maji na barafu linatosha kugandisha nta ya mita 5 kwa dakika chache, ipasuke kama ile ya mama. Kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu wana sufuria na rangi tayari. Kinachokosekana ni nta ya nyuki, na hiyo nimebeba kilo 2.